Mkono Kwenye Swichi

Mama Alo alipanda boti akiwa amekwishanuna, na hilo si jambo zuri kwa mtu anayekwenda kustarehe. Gauni lake la bluu alikuwa amelipiga pasi mara mbili, viatu vipya vilikuwa vimeanza kumkata visigino, na mume wake, seremala, alimwachia mkono kabla hata hawajamaliza ngazi. Alimwachia kwa sababu juu, kwenye sitaha ya pili, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anamwita.

Hakumwita kwa mdomo. Alipitisha kidole kwenye nyusi yake ya kushoto, haraka, mara mbili, akacheka. Seremala akapanda ngazi zilizobaki mbilimbili, mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amelalamikia magoti.

Seremala ni kiziwi tangu utotoni, na viziwi kila mmoja ana jina lake la mkononi, analopewa na wenzake. Mama Alo mwenyewe analo: kidole gumba sikioni, kidole cha mwisho mdomoni, kwa kuwa kazi yake ni kupokea simu hospitalini, "Alo?" kutwa nzima, na hata hilo la Mama Alo lilitoka huko, si kwa mtoto. Na jina la mume wake, kwa jinsi alivyolijua yeye, lilikuwa mkono mmoja ukisukuma randa juu ya mwingine. Miaka mitano ya ndoa alimwita hivyo, na hakuwahi kuambiwa kwamba lipo jina jingine. Kumbe lilikuwepo, na lilikuwa mkononi mwa mwanamke mwingine.

"Nyusi ndiyo nini?" alimuuliza wifi yake.

Wifi yake, dada wa seremala, alikuwa anasikia vizuri, lakini alijua lugha ya alama kabla hajajua kujifunga vifungo vya shati. Popote kaka yake alipokwenda na watu, alikwenda naye, nusu kwa mapenzi na nusu kwa umbea.

"Jina lake la shule hilo," wifi alisema. "Alipasuka nyusi akicheza mpira, darasa la pili. Aliyempa ni yule pale."

"Yule nani?"

"Siku hizi ndiye mwalimu mkuu wa shule yao. Zamani walikaa dawati moja, miaka saba. Wifi, usianze."

"Nianze nini? Nimeuliza tu."

Lakini alikuwa ameshaanza, na wote wawili walijua.

Safari yenyewe ilikuwa ya wahitimu. Viziwi kumi na wanane waliomaliza shule moja ya bweni walikuwa wanatimiza miaka ishirini tangu watoke, wakakodi boti ya kuwazungusha ziwani jua likizama, kisha wale chakula cha jioni kwenye mgahawa wa ufukweni. Wenye wake na waume wanaosikia waliruhusiwa kuja nao. Walikuja wanne, akiwemo Mama Alo, na ndani ya dakika kumi wote wanne walikuwa wamejikunyata upande mmoja kama wageni kwenye msiba wa watu wasiowajua.

Injini ilikuwa chini ya miguu yao na ilinguruma kupita kiasi. Ukitaka kumwambia jirani yako neno ilibidi umshike kichwa umpigie kelele sikioni, na yeye akujibu "Eeh?" Nahodha alikuwa na kipaza sauti, na tangu wang'oe nanga alikuwa anaeleza habari za kisiwa hiki na kile. Hakuna aliyemsikia. Wanaosikia walizibwa na injini, na wasiosikia hawakuwa na shida naye. Aliendelea kueleza kwa moyo wote.

Wakati huo huo viziwi walikuwa wanapiga soga kama kawaida. Mmoja aliyekaa mbele kabisa alikuwa anamsimulia mwenzake wa nyuma kabisa kisa kirefu, juu ya vichwa vya watu wote, na wa nyuma anadakia. Wa sitaha ya chini wanabishana na wa sitaha ya juu. Mama Alo, ambaye sauti yake ilikuwa maarufu hospitali nzima, ambaye daktari mmoja alisema inashusha homa kabla ya dawa, alikaa na sauti yake kooni, haina pa kwenda.

Alama alizijua, lakini za jikoni. Chai tayari. Mvua. Mama yako amekuja. Toa taka. Nakupenda. Kila alipozungumza na mume wake, mume alimjibu polepole, alama moja moja, anangoja aimeze ndipo ampe nyingine. Mama Alo alidhani ndivyo alivyo. Mara ngapi ameketi na wenzake kazini akijisifu, "Mume wangu mie si mtu wa maneno mengi, mpole, mzito." Wenzake wakamwonea kijicho.

Sasa mtazame huyo mpole. Mikono yake ilikuwa inakwenda kasi hata macho hayashiki. Aliigiza mpishi wa bweni, akaigiza mwalimu wa hesabu mwenye tumbo, akavimbisha mashavu, akatembea kibata, na watu wakajipiga mapaja mpaka machozi yakawatoka. Mume wake alikuwa mchekeshaji! Mume wake alikuwa domo kaya wa kutupwa, na yeye alikuwa hajawahi kukutana naye. Na aliyekuwa anamchochea, anayemkumbusha kisa kikiisha, "Na ile ya ndoo je?", alikuwa yule mwanamke wa dawati moja.

Mama Alo aliona wivu. Si wasiwasi, si uchovu wa viatu. Wivu mtupu. Mwanamke mwenyewe hakuwa mzuri wa kutisha. Alikuwa mfupi, ana miwani, amevaa suruali yenye mifuko mingi. Ingekuwa nafuu angekuwa mzuri. Uzuri Mama Alo angejua la kuufanya.

Jua liliposhuka, nahodha akapunguza mwendo ili watu walitazame, na hapo likatokea jambo. Viziwi wote, isipokuwa mmoja, walisogeza viti wakalipa jua mgongo. Hawakuwa na dharau. Anayezungumza hukaa mwanga umpige usoni na mikononi, na anayemsikiliza hukaa mwanga uwe nyuma yake. Ukikaa kinyume unaona kivuli tu. Anayezungumza alikuwa mwalimu mkuu. Jua lote la jioni ile, lililomwagika juu ya maji likawa rangi ya chungwa, lilikwenda kuishia kwenye vidole vyake, na seremala akakaa mbele yake, hapepesi macho. Wanaosikia walibaki wanapiga picha za anga. Mama Alo hakupiga.

Alikaza macho ashike lolote. Akashika maneno matatu, kwa sababu yalirudiwa: shule, mbao, mwezi ujao. Akamvuta wifi yake shati, na kwa kuwa injini ilikuwa imepungua, hakuhitaji kupiga kelele.

"Shule na mbao ni nini?"

Wifi akamtazama. "Hajakwambia?"

Katika maneno yote ambayo mke anaweza kuambiwa na wifi yake, sijui kama yapo mabaya kuliko hayo.

"Niambie wewe."

"Wanamtaka akafundishe useremala. Fundi wa zamani amestaafu. Nyumba ya kuishi ipo, ndani ya uzio wa shule." Wifi alishusha pumzi. "Wifi, mimi nilijua mmeshaongea."

"Ile shule ya kule, mwendo wa kutwa nzima kwa basi?"

"Hiyo hiyo."

"Na yeye kasema nini?"

"Hajasema. Atajibu leo, mbele ya wote, baada ya chakula. Barua ameipata wiki mbili zilizopita."

Wiki mbili! Wiki mbili mtu anakula chakula chake, anamweleza kuhusu mvua na bei ya misumari, alama moja moja, kwa upole wake ule, na barua iko mfukoni. Mama Alo alijichorea kichwani picha ya maisha yenyewe, na haikumchukua muda. Mume kule, ndani ya uzio, na watu wa lugha yake asubuhi mpaka jioni, na huyu mwenye miwani akimwita kwa nyusi. Na yeye? Shule ya viziwi ingemhitaji mpokea simu kwa kazi gani? Angebaki hapa na kitanda cha futi sita. Au angekwenda akawe wa kwanza kusinzia kila wenzake wanapozungumza. Mume wake alikuwa anaondoka, na alikuwa anaondoka akicheka.

Akainuka, akamgusa bega. Seremala aligeuka na uso bado unacheka, kisha alipomwona ukabadilika, ukawa ule wa nyumbani, ule wa subira.

"Shule. Nini?" Mama Alo aliuliza kwa mikono.

"Baadaye," alijibu polepole. "Nyumbani. Nitakueleza."

Mwalimu mkuu naye akamsalimia. Alimsalimia taratibu sana, alama kubwa kubwa, na mdomo akiupanua kila neno: ha-ba-ri, ni-me-fu-ra-hi. Ulikuwa wema, na Mama Alo alijua ni wema, na ulimuunguza kuliko tusi. Alipogeuka kurudi kwenye kiti chake aliona, kwa pembe ya jicho, mwalimu akiuliza kitu haraka na mume wake akijibu haraka, na wakatabasamu. Huenda walikuwa wanazungumzia hali ya hewa. Moyo wake haukukubali kabisa kwamba ni hali ya hewa.

Mgahawa ulikuwa juu ya jukwaa la mbao, maji yakigonga nguzo zake chini, na mwenye mgahawa alikuwa anajivunia giza lake. Kila meza ilikuwa na mishumaa miwili ndani ya glasi, na basi.

"Kwa ajili ya mapenzi," alisema.

"Baba, hawa watu ni viziwi," wifi alimwambia. "Ukiwaweka gizani umewaziba midomo. Tuletee taa."

Yule mzee alicheka, akaona aibu kidogo, akawapa meza ndefu ya mwisho kabisa, karibu na maji. Juu yake palikuwa na balbu kubwa iliyofungwa kwenye nguzo, ambayo hutumika wakati wa kufagia. Mishumaa ikaondolewa kupisha sahani. Swichi ilikuwa kwenye nguzo hiyo hiyo, usawa wa bega la mtu aliyekaa, na aliyekaa hapo alikuwa Mama Alo. Hakupachagua. Seremala alivutwa katikati ya meza na wenzake, mwalimu mkuu akakaa mkabala naye, na viti vilivyobaki vilikuwa vya pembeni. Wifi akakaa karibu naye, kumlinda au kumchunga.

Samaki walikuwa wazuri, viazi vilikuwa vya moto, lakini viziwi wakiwa na la kusema mikono haigusi chakula, na walikuwa na mengi. Sahani zilipoa. Mama Alo ndiye aliyemaliza wa kwanza. Akawa anachokonoa miiba, macho yake katikati ya meza.

Kisha mwalimu mkuu akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili. Mbao zikatetemeka, glasi zikalia, na macho yote yakamwelekea. Akasimama.

"Anasema miaka ishirini si mchezo," wifi alinong'ona, akitafsiri. "Anasema kwenye bweni walikuwa wanalia usiku bila mtu kuwasikia, mpaka wao kwa wao wakawa ndugu. Anasema karakana imefungwa tangu fundi aondoke. Watoto arobaini wanakaa bure mchana kutwa. Anasema kuna mtu hapa ambaye mikono yake inajua mbao na inajua kusema, na wa namna hiyo hawapatikani." Wifi akasita. "Anamwomba asimame ajibu."

Seremala alifuta mikono kwa kitambaa. Akasimama. Kabla ya kusema lolote alitupa jicho upande wa mke wake, mara moja tu, na Mama Alo aliusoma mtazamo ule kuwa wa mwenye hatia anayeaga. Mume akainua mikono.

Baadaye angeulizwa, Mama Alo angesema mkono wake ulikwenda wenyewe. Uongo. Aliupeleka. Aliuinua taratibu kutoka mapajani, akauweka kwenye swichi, akabonyeza.

Giza likaangukia meza yote.

Watu kumi na wanane wakanyamazishwa mara moja. Ikasikika glasi ikianguka, kisha visigino juu ya mbao, kimoja, viwili, kumi, kila mmoja akiuliza kwa njia pekee iliyobaki: kuna nini, kuna nini, kuna nini? Mume mmoja anayesikia akasema umeme umekatika, na mwingine akamwambia mbona jikoni kunawaka. Mama Alo aliacha kidole pale pale kwenye swichi. Na tusifiche: kwa muda ule mfupi ilikuwa tamu. Jioni nzima yeye ndiye aliyekuwa bubu, na sasa alikuwa miongoni mwa watano tu wenye mdomo. Jibu la mume wake lilikuwa limekwama gizani, na madhali limekwama, mume alikuwa bado wake.

Akasikia hatua. Angezijua hatua zile popote. Mume wake alikuwa anakuja, akipapasa migongo ya viti, kimoja baada ya kingine, kwa haraka ya mtu mwenye hofu. Nyumbani umeme ukikatika hufanya hivyo hivyo: humtafuta mke wake kwanza, amshike, ndipo akatafute kiberiti. Mkono wake ukafika begani kwa Mama Alo, ukatulia hapo kwa faraja. Kisha ukateremka ukitafuta kiganja. Ukakuta mkono umeinuliwa. Ukaufuata, kiwiko, kifundo, vidole, mpaka kwenye swichi.

Ulikaa pale. Seremala huamini vidole vyake kuliko macho. Kisha akabonyeza, juu ya kidole cha mke wake.

Taa ikawaka, na kila mtu akaona: mkono wake juu, wa mume juu ya wake, na nguzo.

"Wifi!" wifi alisema. "Ni wewe?"

"Nimegusa kwa bahati mbaya," Mama Alo alisema, kwa ile sauti yake nzuri, ya kuaminika, inayowaambia watu kila siku kwamba daktari anakuja sasa hivi. Wanaosikia walitazama sahani zao. Wengine wote walikuwa wanatazama mikono yake, wakingoja.

Seremala aliondoa mkono. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Akasema, alama moja moja, "Wewe. Simama. Sema."

Mama Alo akasimama. Katika miaka mitano hakuwahi kutumia alama mbele ya watu wengine, kwa aibu ya vidole vyake vizito. Sasa walikuwa watu zaidi ya ishirini na taa ilikuwa inammulika yeye.

"Taa," alisema. "Mimi. Nimezima." Akataka kusema kwa nini, akakuta alama ya wivu haijui. Nyumbani hawakuwahi kuihitaji. Akashika kifua cha gauni lake akakisokota kama anakamua nguo, akamwonyesha mwalimu mkuu kwa kidole, akamwonyesha mume wake, akasokota tena.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alirekebisha miwani, kisha, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, akamwonyesha alama yenyewe: kidole kilichokunjwa pembeni mwa mdomo, kikizungushwa. Mama Alo akairudia. Mwalimu akatikisa kichwa, akamwonyesha tena kidole kikunjwe vipi, na akairudia tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuweza kuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

Akamgeukia mume wake. "Barua. Wiki mbili. Kwa nini?"

"Nilikuficha," seremala alisema. "Kosa langu. Lakini mimi sikukuziba mdomo."

Mama Alo akakaa. "Alikuwa anataka kusema nini?" alimnong'oneza wifi yake. "Kabla ya taa. Niulizie."

"Muulize mwenyewe," wifi alisema, bila ukali. "Mikono unayo."

Akamuuliza. Seremala alitazama mikono yake mwenyewe, na alipoanza alisema kwa utulivu ili kila mmoja mezani aone.

"Nilitaka kuwaomba wiki moja. Mke wangu sijamuuliza, niliogopa atalia. Bila yeye nisingekwenda." Akaitazama swichi. "Sasa wiki siihitaji."

Akamgeukia mwalimu mkuu. "Nitakuja. Mwezi ujao. Peke yangu."

Wifi akasogea, akavuta pumzi, akafungua mdomo kutafsiri.

"Usijisumbue, wifi," Mama Alo alisema. "Nimeelewa yote."